Nilivyokwenda Kuposa Nikaishia Kuchagua Risasi

Jamani, hili jambo mpaka leo linanipa aibu, na mnanijua mimi si mtu wa kuona aibu hovyo, lakini wakwe zangu wa Buhongwa wakianza kulisimulia huwa natafuta sababu ya kutoka nje kwenda kununua vocha, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine likiwa limeongezewa chumvi (ingawa sijui wataiongezea wapi).

Kazi yangu ni kufunga madirisha ya aluminiamu, banda langu lipo Mkolani, na siku ikipita bila mteja nakaa nachezea simu. Sasa simu nazo zina mambo yake, ukitazama video moja ya kitu inakuletea nyingine ishirini za kitu hicho hicho, na mimi bahati yangu nilianza na video ya wadunguzi, wale askari wanaolala kifudifudi huko mbali na bunduki yenye darubini, wakimlenga mtu ambaye hata hajui kama wapo. Nikazama humo moja kwa moja. Nikajua risasi ipi ina kipenyo gani, ipi inafika wapi, ipi inasukumwa na upepo kama karatasi, mpaka jirani yangu fundi kiatu akawa akiniona natembea kuelekea kwake anavaa spika za masikioni. Na bunduki yenyewe sijawahi kuishika. Kitu cha karibu kabisa na bunduki nilichowahi kushika ni drili.

Basi ikafika siku ya kwenda kuposa kwa kina Veronika. Veronika ni mwalimu wa chekechea kule Nyegezi, mtoto mpole, ana subira (angekuwa hana subira nisingekuwa na habari ya kusimulia). Akaniambia, "Baba ni mwanajeshi mstaafu. Hapendi mwanaume anayekaa tu kama gunia la mkaa. Akikuuliza kitu, changamka." Hapo ningeuliza swali moja tu, alikuwa mwanajeshi wa kazi gani, mambo yote yangeishia palepale. Sikuuliza. Nikajisemea moyoni, mwanajeshi atapenda nini kama si bunduki? Nikaamua kwamba mazungumzo yakipoa, nitaibua habari ya risasi ya mdunguzi, mzee atafurahi, na mimi nitakuwa mkwe wa kwanza nchi hii kupokelewa kwa saluti.

Tukaenda Jumapili baada ya ibada, mimi na mshenga wangu, Mzee Sospeter, mtu mrefu mwenye suti ya kahawia na mwavuli mweusi mrefu ambao hauachi hata kama jua linapasua mawe. Njiani alinionya: "Wewe leo huna mdomo. Mdomo ni mimi." Nikasema sawa, baba.

Nyumba yao imejengwa chini ya jiwe kubwa, yale mawe yetu ya Mwanza yanayoonekana kama yamewekwa na mtu halafu akasahau kuja kuyachukua. Sebuleni alikuwepo baba mwenyewe, Mzee Lutego, ameketi amenyooka kama nguzo, na pembeni yake mdogo wake, Baba Mdogo Kashinje, dereva wa lori, sauti yake yenyewe kama honi. Nikaamkia, "Shikamoo baba, shikamoo baba mdogo," wakaitikia marahaba, mama akaleta soda, karanga, mayai ya kuchemsha na maandazi, mshenga akaanza maneno yake ya kuzungukazunguka kwamba tumeona ua zuri katika boma hili, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

Halafu mshenga akaomba kwenda msalani.

Pakawa kimya. Nasikia saa ya ukutani. Mzee Lutego ananitazama. Mimi natazama karanga. Akaniuliza, "Kijana, unafanya shughuli gani?" Nikasema nafunga madirisha ya aluminiamu, akasema "Mm," kukawa kimya tena, na mimi nikaliona gunia la mkaa linanijia, nikafungua mdomo nilioambiwa sina.

"Samahani baba, nyinyi jeshini, kwa mdunguzi wa masafa marefu, mlikuwa mnaona risasi ya kipenyo gani ndiyo bora?"

Mzee akasimamisha chupa ya soda karibu na mdomo. Akasema, "Ehe?"

Ile "ehe" ilikuwa ya kushangaa. Mimi nikaichukua kama ya kunikaribisha. Nikasogea kwenye meza, nikachukua karanga moja nikaiweka mbele yake. "Hii, baba, ni milimita saba nukta sita mbili. Nyepesi, inapatikana kila mahali, lakini ikipita mita mia nane inachoka, na upepo unaipeleka unakotaka wenyewe." Nikachukua andazi, lile kubwa kuliko yote, nikaliweka mwisho wa meza. "Hii ni hamsini. Yaani kipenyo cha nusu inchi. Hiyo inakwenda mbali, hatukatai, lakini bunduki yake ni nzito, inapiga teke, inatimua vumbi mpaka adui anajua umelala wapi. Hiyo ni ya kuharibu magari." Halafu katikati, kwa heshima zote, nikaweka yai. "Na hii ndiyo tatu tatu nane, theluthi ya inchi hivi. Mita elfu moja na mia tano inafika bado ina nguvu, na askari anaibeba mwenyewe. Mimi baba ningekuwa nachagulia jeshi, ningechagua yai."

Mama akachungulia kutoka jikoni, akaliangalia yai, akaniangalia mimi, akarudi.

Labda mambo yangeishia hapo. Lakini Baba Mdogo Kashinje naye kumbe ni mtu wa simu kama mimi. Akapiga goti lake kofi. "Unadanganya! Hamsini ndiyo mwisho wa maneno! Mkubwa ni mkubwa!"

"Baba mdogo, kwa heshima, mkubwa atabebwa na nani?"

"Mwanaume!"

"Hata mwanaume anachoka, baba mdogo. Huwezi kupanda mlima na hamsini halafu ulale ulenge bila kutetemeka."

"Naweza!"

"Huwezi."

(Nimekwenda kuomba mke, jamani. Ninamwambia mdogo wa baba mkwe "huwezi.")

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na mchi wa kutwangia, ule mchi wa mwanamke wa Kisukuma, mzito kama ndama. "Hii ndiyo hamsini yangu. Yako iko wapi?" Nikaangaza macho, nikauona mwavuli wa mshenga umeegemea mlango. Nikauchukua. Mzee Lutego akasema polepole, "Sasa mnakwenda wapi?" lakini sisi tulikuwa tumeshatoka, tunapanda jiwe la nyuma ya nyumba, mimi na suti nyeusi ya kuazima, yeye na mchi begani, anahema, na mimi nafurahi kila anapohema kwa sababu hoja yangu inajithibitisha yenyewe.

Tukafika juu. Nikalala kifudifudi kama nilivyoona kwenye video, mguu mmoja nimeukunja, kipini cha mwavuli begani, jicho moja nimefumba. Kashinje akaketi pembeni na mchi wake mapajani, hawezi hata kusema. Chini bondeni kulikuwa na uwanja wenye turubai na watu wengi. Sikujua ni mkutano wa mtaa. Niliona tu mtu mnene mwenye shati jeupe amesimama na kipaza sauti, na kwa sababu shati jeupe linaonekana vizuri, nikaelekeza mwavuli pale.

"Sasa ona baba mdogo," nikasema, "yule pale ni kama mita mia sita. Upepo unatoka ziwani, unakuja kutoka kushoto. Karanga ingeyumba. Yai haliyumbi."

Ghafla yule wa shati jeupe akapotea. Nikaona viti vinaanguka, watu wanakimbia huku na huku, akina mama wamejishika vichwa. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikasema, "Naona mvua inakuja, watu wanakimbia."

Haikuwa mvua. Walikuwa wananikimbia mimi.

Nikasikia filimbi, tena nyingi, zile za sungusungu, walinzi wa mtaa, nikainuka kidogo nione vizuri, na upepo ule wa ziwani niliokuwa naufundisha darasa ukaupata mwavuli, ukafunguka paa! ukanivuta, nikateleza jiwe zima kwa tumbo mpaka chini, suruali ikapasuka kuanzia mahali ambapo sitapataja, nikatua miguuni pa wanaume wenye marungu.

"Silaha iko wapi?" mmoja akafoka.

Nikanyoosha mikono juu, mwavuli nao umeinuka, umegeuka ndani nje.

"Hiyo ni nini?"

Jamani, mdomo nao una mazoea yake. Nikamjibu, "Tatu tatu nane."

Ilibidi wanilaze chini upya. Kashinje kule juu akawa anapiga kelele, "Ni mwavuli! Ni mwavuli huo!" lakini alikuwa amesimama juu ya jiwe ameinua mchi, kwa hiyo hakusaidia. Watu wakajaa. Mshenga akatoka msalani, akauona mwavuli wake, akarudi ndani. Veronika alikuwa amesimama mlangoni amefunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka, na mimi nikajua analia, nikasema basi, nimempoteza.

Kiongozi wa sungusungu akamgeukia Mzee Lutego. "Mzee, huyu mtu unamfahamu?"

Mzee akanitazama. Akatazama suruali. Hapo mimi nikafikiria maisha yangu yote, pamoja na kuhama Mwanza. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Namfahamu. Ni mkwe wangu. Amekuja kuposa."

Palepale umati mzima ukaangua kicheko, na Veronika naye akatoa kanga usoni, kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka kwa kucheka.

Lakini mwenyekiti wa mtaa, yule wa shati jeupe (sasa lilikuwa la rangi ya udongo, alikuwa amelala chini ya meza), akasema hapana, wananchi wameshtushwa, wanastahili maelezo. Nikapelekwa uwanjani nimefungwa kanga ya mama mkwe kiunoni, nikapewa kipaza sauti, nikaomba radhi, nikaeleza kwamba ulikuwa mjadala tu wa vipenyo. Nilipomaliza mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Sasa hiyo lisasi ya katikati, kwa hawa pimbi wanaotumalizia mahindi, inafaa?" Nikasema bibi, ni kubwa mno kwa pimbi. Akaketi hajaridhika.

Tuliporudi nyumbani, Mzee Lutego akaketi, akaniambia, "Mwanangu, mimi jeshini nilikuwa mpiga tarumbeta. Bendi. Bunduki niliishika kwenye mafunzo tu, ikanipiga bega, nikaomba wasinipe tena." Kisha akachukua lile yai, akalimenya, akalila.

Posa ilikubaliwa, na mshenga ilibidi nimtafutie mwavuli mwingine. Lakini mpaka leo nikipita Buhongwa watoto wananipigia saluti, na harusini mshereheshaji alinikaribisha ukumbini kwa jina la Mdunguzi, ukumbi mzima ukainama chini ya meza, wakiongozwa na mwenyekiti.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukitaka kumfurahisha mtu, muulize kwanza anapenda nini, usimkisie. Mimi nimeapa, nikiwa ukweni na mazungumzo yakipoa, nayaacha yapoe. Nasema tu, "Karanga hizi ni tamu, mama," halafu nafunga mdomo, natafuna.