Friji ya Chanjo na Wivu Wangu kwa Josephine

Siku yangu ya kwanza kazini, Garissa, sikukabidhiwa mgonjwa. Nilikabidhiwa friji ya chanjo. Afisa wa Chanjo, mwanamume mkavu asiyecheka ovyo, alinionyesha kipimajoto. "Nesi Ruth, huyu akiumwa halii. Msome asubuhi na jioni, hata Jumapili, uandike kwenye chati. Asishuke chini ya nyuzi mbili, asipite nane."

Nilimsoma vizuri Garissa, nikamsoma Mandera. Nilipopelekwa kusimamia zahanati moja upande wa Buna, nilikuwa pia mzee wa kanisa letu dogo la watumishi wa serikali, na mahubiri yangu yalisifiwa. Kisha akaletwa Nesi Josephine.

Niseme wazi, nilimwonea wivu. Hakuwahi kusimama mimbarini. Lakini Ramadhani mimi nilikunywa chai yangu dirishani, naye alijificha stoo hata kunywa maji, ili akina mama waliofunga wasimwone. Wakija kliniki walinipita mlangoni wakimuulizia yeye. Roho iliniuma, nikazidisha mahubiri.

Ijumaa moja, kichwa kimejaa hubiri la Jumapili, nilijaza chati ya siku tatu, hadi Jumapili jioni, kwa mkupuo: nne, nne, nne. Friji ile ya gesi haikuwa imewahi kunisumbua. Jumapili nikahubiri juu ya uaminifu katika mambo madogo, na watu wakaitikia amina.

Jumatatu Josephine alitoa kichupa cha chanjo akakikazia macho. Kila kichupa kina alama ya mraba inayokolea rangi kikipata joto, na ya hicho ilikuwa imekolea kabisa. Gesi ilikuwa imeisha. Nje, benchi lilijaa akina mama waliotoka malishoni na watoto wachanga. Alisoma chati yangu, akairudisha ukutani.

"Dada Ruth," alisema polepole, "tutawaambia nini?"

Wazo likanijia, tena tamu: niseme yeye ndiye aliyeacha mlango wa friji wazi. Mimi, mzee wa kanisa, ningeaminiwa. Nilitoka nje nikiwa nalo mdomoni. Nikawaona wale watoto, nikashindwa.

"Chanjo zimeharibika," niliwaambia. "Kosa ni langu. Niliandika bila kupima."

Mama mmoja, Halima, aliyekuwa njiani tangu jana yake, alinitazama sana. "Walahi abaayo, wewe nasema Mungu mingi," alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Leo wewe nafanya."

Kisha akampa Josephine mtoto amshikie.

Barua ya onyo niliyoandikiwa ninayo hadi leo. Nilistaafu mwaka jana, na Josephine ndiye msimamizi sasa. Siku ya kuniaga waliniomba nihubiri. Kabla ya kusimama nilipita kwenye friji. Chati ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko wake: tano. Nikainama kusoma kipimajoto mwenyewe nikitumaini, Mungu anisamehe, kukuta sita.

Ilikuwa tano.