Magurudumu Ambayo Baba Hakuyagonga

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu, na leo umenilazimisha kuirudia. Tangu asubuhi umemwaga magurudumu kwenye mkeka wangu, unayapanga kwa rangi, mekundu huku, ya njano kule. Mabehewa yako manne ya treni ya kuchonga yamelala chali yanasubiri miguu, nawe unaniuliza magurudumu yapi yanapendeza. Yanapendeza! Mtu mzima, umesomea ufundi, unachagua magurudumu kama anayechagua shanga. Yaache hapo, ukae, unisikilize.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli, ile iliyotoka bandari ya Kalundu ikapita uwandani hadi Kamanyola. Ninyi hamkuiona. Ilifungwa kabla ya uhuru na vyuma vikang'olewa. Kazi yake ilikuwa moja tu: treni ya mizigo ikisimama, anapita na nyundo, anagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima lina sauti yake, lenye ufa lina yake. Tabia hiyo aliileta hadi nyumbani. Hakununua chungu bila kukigonga, wala boga bila kuligonga, na mama yangu alikuwa akiona haya kwenda naye sokoni. Nilichomletea mimi peke yangu ndicho alichokipokea bila kukigonga. Mimi niliona ni jambo la kawaida, sikulifikiria hata kidogo.

Uhuru ulipofika, tukaambiwa wakubwa watatoka Bukavu kuja Uvira kusikia wananchi wanataka nini. Wakulima wa mpunga wa Bwegera walitaka reli irudi, maana malori yalikwama kwenye matope na mpunga wao ukaota ndani ya magunia. Wakamjia baba awasemee. Baba hakujua kutoa hotuba, akasema hatasema, ataonyesha. Akachukua ubao mrefu, akauinamisha, akapigilia juu yake reli mbili za bati zenye kona moja katikati, kisha akaunda mabehewa manne ya mizigo, kila moja urefu wa kiganja. Wiki tatu nzima alikuwa anaimba. Tangu reli ifungwe sikuwa nimemsikia akiimba.

Yakabaki magurudumu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, nami nilikuwa fundi wa nguo hapa Kasenga, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye cherehani yake barazani na kiburi chake kichwani. Akaja akaniambia:

"Furaha, unipe bobine munane za uzi, zile za muti, zote za kartoni moja. Ukate kila moja mu katikati. Zikuwe sawasawa, unasikia?"

Alijua anachoomba. Bobine ya mti, ile inayozungushiwa uzi, ina mdomo huku na huku. Ukiikata katikati unapata magurudumu mawili, kila moja na mdomo wake, na mdomo huo ndio unaolizuia lisitoke kwenye reli. Nilikuwa na kartoni moja ya namna hiyo, lakini zote zilikuwa zimejaa uzi mweupe. Kumpa nane maana yake nikae kuhamishia nyuzi kwenye magunzi ya mahindi, na magauni ya sherehe yalikuwa yananingoja. Nikasema moyoni, huu mchezo wa mzee utanipotezea siku. Nikachokora chini ya kikapu, nikaokota bobine tupu za kila aina, nene, nyembamba, moja nyekundu, mbili zenye karatasi ya dhahabu. Nilizipenda, mwanangu. Nilizikata, nikazikaza mbili mbili kwenye vijiti alivyonipa, nikampelekea asubuhi ya siku yenyewe.

"Zote zimetoka mu kartoni moja?"

"Ndiyo, Papa. Zote."

Hakugonga hata moja. Akayafunga magurudumu kwenye mabehewa, akajitwisha ubao wake, akaenda.

Wakubwa waliketi kwenye uwanja wa shule. Watu wa Bwegera walikuwa wameamka alfajiri, wamevaa mashati yao ya kanisani, na mmoja wao alijaza mpunga katika kila behewa kwa mkono wake. Baba akayaachia. Yakashuka vizuri, watu wakaanza kupiga makofi. Kwenye kona, behewa la pili, lililokuwa na gurudumu nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, likainua mguu. Likatoka, likayavuta mengine, na mpunga wote ukamwagikia viatu vya mkubwa mmoja.

Yule bwana akapangusa viatu, akacheka. "Mzee, hata ya mbao imeanguka. Munataka tena ya chuma?"

Uwanja mzima ukacheka. Sijui kama treni ingerudi, na sikudanganyi: haikurudi, pengine isingerudi hata kama behewa lisingeanguka. Lakini baba hakupewa nafasi ya kusema neno la pili. Wakaitwa wengine. Alipiga magoti akaokota mpunga punje kwa punje, na watu wa Bwegera walipomuuliza kulikoni, alisema, "Ni kosa yangu. Sikuangalia." Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilinyamaza.

Tulipofika nyumbani alitoa nyundo yake ndogo, akayaweka magurudumu kizingitini, akayagonga moja moja. Mimi nasikia, naye anajua nasikia. Kisha akaniita.

"Furaha, minye maisha yangu yote niligonga kila gurudumu. Ya weye sikugonga. Unajua juu ya nini? Juu ilitoka mu mikono ya mutoto wangu."

Basi. Hakunipiga, hakunifokea. Afadhali angefoka.

Tangu siku hiyo alianza kunigonga na mimi. Nikimletea chumvi, anaonja kwanza. Nikimshonea shati, anavuta mishono. Niliomba msamaha, akasema amesamehe, na naamini alisamehe, lakini aliendelea kuvuta mishono. Nilikasirika sana, mwanangu. Nilimwona mzee mkaidi!

Miaka michache baadaye vita vya waasi vikatufikia, na tukakimbilia milimani, Lemera. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilimshika mkono njia yote. Kwenye kila kijito nilimwambia, "Papa, kanyaga hapa, jiwe iko nguvu," na kwenye kila kijito alisimama, akaligonga kwa fimbo yake, akasikiliza, ndipo akakanyaga. Milio ya bunduki ilisikika bondeni nyuma yetu. Watu walitupita wakitusukuma, wakinilaumu kwa kuchelewa. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikaelewa kwamba sina haki ya kumharakisha, kwa kuwa fimbo ile ni kama nilimpa mimi, siku ya magurudumu. Nikawa nasimama, nangoja agonge. Aligonga mpaka jiwe la mwisho. Tulipofika juu alikaa chini, akasema, "Aksanti, mutoto wangu, umenifikisha," na nililia mbele za watu bila aibu.

Sasa nisikilize. Gurudumu usilichague kwa rangi. Chukua yote ya aina moja, yaviringishe mezani moja moja, linaloyumba litupe hata kama ndilo zuri kuliko yote, na angalia mdomo wake kabla ya kitu kingine. Hilo ni la mabehewa. La maisha ni hili: mtu akikuomba kitu, mpe kile alichokuomba, wala usiite kazi yake mchezo kwa sababu wewe huoni faida yake. Na anayepokea vitu vyako bila kuvigonga, mwanangu, muogope huyo kuliko mkaguzi yeyote, kwa maana akianza kuvigonga hataacha.

Mungu akupe mikono ya kweli. Akupe watu wa kuyakanyaga mawe unayowaonyesha bila kusimama kwanza.