Dada Getruda na Dagaa wa Rorya

Mtaani kwetu Mkuyuni wanamwita dada yangu Getruda "yule wa kompyuta". Mjomba Luhende humuuliza kila Jumapili ataanza kazi lini. Kumbe kazi anayo: anapitisha ujumbe kati ya blokcheni, zile kumbukumbu zinazotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja ili mtu mmoja asizichezee. Kila blokcheni iko kivyake, haisikii ya mwenzake. Akina mama wa dagaa wa Rorya wana yao, mnunuzi wao ana yake. Getruda ndiye anayeziunganisha.

Mwezi wa nne njia kati ya hizo mbili ilikatika. Magunia ya akina mama yalikuwa yameshashushwa Usagara, kando ya barabara, na wingu linakuja. Ngosha, dereva wa mnunuzi, alikuwa hapo hapo na lori tupu, ila haruhusiwi kupakia mpaka ujumbe wa akina mama wa kumkabidhi mzigo ufike na simu yake ioneshe kijani.

"Dada, huku kunanuka mvua," akapiga. "Dagaa hawa wakilowa ni mbolea."

Getruda akaivuta kompyuta. Alitafuta blokcheni ya tatu, inayofahamiana na zote mbili, ili ujumbe uzungukie huko. Lakini njia mpya lazima ikubaliwe na viongozi watatu wa kikundi cha akina mama, kila mmoja kwa simu yake. Akampigia mwenyekiti.

"Shikamoo mama Akeyo. Naomba mbonyeze kukubali, sasa hivi."

"Marahaba mwanangu. Ngoja tukusanyike. Sisi hatupitishi jambo bila sala."

"Mama, mvua!"

"Ndiyo maana tunasali."

Getruda akaweka spika, nami nimekaa kando yake. Tukamsikia mama Akumu, mweka hazina, akiombea ziwa, nyavu, wajukuu, mpaka serikali. Getruda kashika kichwa.

"Mama Akumu, amina basi!"

"Amina! Una haraka kama bwana harusi."

Kukubali kukaanza kuingia. Mama Akeyo. Mama Akumu. Katibu wao, mama Rose, alikuwa na mikono ya dagaa, kioo hakisikii kidole. Akajifuta kwa kitenge, akabonyeza tena.

Ujumbe ukaondoka. Ukafika blokcheni ya tatu, ukahakikiwa, ukasukumwa mbele. Getruda alikuwa amesimama, kiti kimeanguka wala hajui.

Simu yake ya pili ikaita. "Kijani! Pakieni, pakieni!" Ngosha alikuwa anawapigia kelele vijana wake, sio sisi. Tukasikia magunia yanavyotua, puu, puu, turubai likivutwa, halafu mvua yenyewe ikipiga juu ya turubai.

Kwenye ile spika, Rorya nzima ikawa vigelegele. Getruda akafungua dirisha akapiga na chake, mtaa wote ukageuka kutazama.