Miezi Mitano ya Kulipia Nyumba Moja Mara Mbili

Leo nimejua kwa nini dadangu Akinyi aliacha shule, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo.

Nilikuwa nyumbani Oyugis. Nikamwambia Mama kwa furaha kwamba nahamisha mkopo wangu wa nyumba, naupeleka benki nyingine yenye riba nafuu.

Mama akaweka kikombe chini.

"Nyathina, mwanangu, baba yako alifanya hivyo mwaka wa tisini na sita."

Marehemu Baba alikuwa mwalimu huko Kosele. Benki mpya ilianza kumkata mshahara kabla haijamaliza deni lake kwa ile ya zamani, na ile ya zamani ikaendelea kukata. Akienda kuuliza, kila benki inamtuma kwa nyingine. Aliogopa kusimamisha malipo, nyumba isije ikapigwa mnada.

Miezi mitano akalipa zote mbili.

"Karo ikabaki ya mtoto mmoja," Mama akasema. "Akakuchagua wewe."

Jamani. Miaka yote hii nimeambiwa Akinyi alichoka na masomo. Hata nimewahi kumtania mbele ya watoto wake!

"Kwani pesa hazikurudishwa?" nikauliza.

"Zilirudi mwaka uliofuata. Akinyi alikuwa ameshaolewa."

Nikamgeukia dadangu.

"Mimi nilijua," Akinyi akasema. "Baba aliniomba nisikwambie, usije ukashindwa kusoma."

Nilitoka, na sasa nimekaa ndani ya gari hapa nje. Nirudi nimwambie Akinyi nini? Nyinyi mngeanzia wapi?