Shibiri Moja ya Ziada

Mtaani kwetu fundi wa majeneza anaitwa Moja kwa Nane, kwa kipimo cha mbao anazobeba begani. Karakana yake imeungana na ukuta wangu, na kwa miaka kumi na tisa nimesikia randa yake ikianza kazi kabla ya kengele ya shule. Watu wazima, wenye akili zao na vyeti vyao, huvuka barabara ili wasipite mbele ya mlango wake. Wasiovuka hufanya utani kuficha woga.

"Mzee, geuza macho! Mimi bado nina kazi nyingi!"

"Nimeshakuona," hujibu bila kuinua kichwa. "Futi tano na inchi nane. Nenda tu, sina haraka na wewe."

Na hakosei. Humtazama mtu mara moja, akaenda kukata mbao, na jeneza likatosha. Nimemwona akipiga msasa hata upande wa chini, ule unaolala kwenye udongo, ambao hakuna mfiwa atakayeugusa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mimi nitajua." Ningependa maneno hayo mawili yaandikwe juu ya mlango wa kila ofisi niliyowahi kupanga foleni.

Kila Desemba alikuwa akikata nyota, ndege na kengele kutoka kwenye vipande vilivyobaki, na mkewe akavipamba. Mama yule alikuwa mrefu, akining'iniza mapazia bila kupanda stuli. Alichovya kichwa cha msumari kwenye rangi, akapiga vitone vyeupe, kimoja baada ya kingine, mpaka ubao mkavu ukaonekana kama umeangukiwa na mvua. Alipofariki, boksi la mapambo lilipandishwa juu ya kabati. Krismasi nne zilipita bila mti sebuleni.

Mwaka huu mkamwana wake, msusi, alilishusha boksi lile. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu na hakuwahi kumwona mama mkwe wake. Jumamosi mchana nilimkuta kwenye meza ya jikoni, nyota kumi na mbili ambazo marehemu hakuwahi kuzipamba zimelazwa juu ya gazeti. Alikuwa akipiga vitone kwa mkia wa kitana na kufunga shanga za nywele kwenye nyuzi nyekundu.

"Jirani, njoo ushike uzi," aliniita. "Usisimame hapo kama mkaguzi."

Nikashika uzi. Sijawahi kuona mikono yenye subira kiasi kile. Kitone kikikosea, hakupaka kingine juu yake. Alikikwangua chote kwa wembe, akapiga msasa, akaanza upya. Hapakuwa na mtu wa kumkagua isipokuwa mimi, na mimi nisingejua tofauti.

Ndipo mkwe wake akaingia na kipande cha ubao mkononi. Kilikuwa na urefu wa shibiri moja, kimelainishwa mpaka kinang'aa, na pembeni mstari wa penseli.

"Nataka nikate nyota ya juu kabisa kutoka kwenye hiki," alisema. "Wewe uipambe, mwanangu."

"Kizuri, Baba. Umekitoa wapi?"

"Kwenye jeneza la Mama yenu."

Kitana kilianguka sakafuni.

"Hapana, Baba. Unisamehe. Hizi nyingine nimezipamba, mbao ni mbao. Lakini hicho, juu ya mti, watu wakila na kucheka chini yake? Siwezi."

Mzee hakubishana. Aliinamisha kichwa, akageuka kuelekea mlangoni. Nilijua kwamba akitoka nacho, hatakirudisha tena ndani ya nyumba ile. Si desturi yangu kuingilia mambo ya watu, lakini kuna kunyamaza ambako ni uoga tu, na siku ya msiba ule mimi nilikuwepo.

"Mzee, mwambie ulivyopima," nikasema.

Akasimama. Akasema huku akitazama ubao.

"Sikupima. Nilisema, miaka thelathini na moja naishi naye, nipime nini? Nikatengeneza. Tulipolifikisha chumbani, shemeji yangu akaninong'oneza: 'Shemeji, limezidi.' Lilizidi shibiri nzima. Ugonjwa ulikuwa umemkausha, umemkunja, na mimi kila siku nilikuwa namlisha kwa mikono hii, sikuona. Nilimtengenezea yule wa mapazia. Nikalirudisha karakana, nikalikata." Akakiinua kipande. "Hiki ndicho kilichozidi. Hakikuingia kaburini. Hiki ni chake alipokuwa mzima."

Nikasikia rangi ikidondoka kwenye gazeti. Mtu ambaye jicho lake halijawahi kumdanganya kwa wageni, lilimdanganya kwa mtu mmoja tu, na kwa sababu ambayo wengi wetu hatutaipata kamwe kwa wenzi wetu.

Msusi aliokota kitana, akakifuta kwa kanga yake. Kisha akakirudisha mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe ule msumari wake, Baba. Hii siipambi kwa kitana."

Nyota ilikatwa saa ileile, kubwa kadiri ubao ulivyoruhusu. Msusi alipiga vitone mbele na nyuma, mpaka jua likahama dirishani. Ilipokauka, mzee mwenyewe alipanda stuli kuifunga kwenye kilele cha msonobari uliosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga. Ncha ikagonga dari. Akajaribu tena, ikagonga tena.

"Imezidi vidole vitatu," msusi alisema kwa sauti ndogo, na papo hapo akajutia neno lile. "Nilete msumeno, Baba? Tupunguze ncha kidogo tu, haitaonekana."

Mzee aliishikilia nyota kifuani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nilimwona akicheka.

"Nilishampunguza mara moja," alisema. "Kata mti."

Tukaulaza mti sebuleni, mimi nikashika matawi, na msusi akakata shina.