Mnyama wa Mkaratusi

Majani makavu ya mkaratusi niliyonunua dukani mtaa wa Agincourt, huku ughaibuni, yamechemka, na harufu yake imejaa jikoni. Nje kuna theluji. Mimi kwa mawazo nimerudi utotoni, niko chini ya blanketi la mama.

Nilikuwa na mafua, mama akanifunika pamoja na sufuria ili nijifukize. Macho yaliniwasha, jasho likanitiririka hadi kidevuni. Kila nilipotaka kutoka, mama, ambaye alikuwa mwalimu, alinishikilia kwa maneno.

“Kuna mnyama anaitwa koala. Chakula chake ni majani haya haya. Maji hanywi ila mara chache, analala mchana kutwa kwenye panda ya mti, na mtoto wake anambeba mgongoni kama nilivyokubeba wewe.”

Nilipopona tu, nilikimbilia mikaratusi ya nyuma ya shule. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Nikatafuna jani nijue anapenda nini humo. Ulimi ukawaka, nikatema. Siku tatu nilirudi pale, nikimlaumu yule mvivu asiyeshuka hata kusalimia.

“Huku hayupo, mwanangu,” mama akasema hatimaye. “Waliuleta mti peke yake, kutoka mbali.”

“Na yeye anajua mti wake uko huku?”

Mama alicheka.

Sasa binti yangu anachungulia kutoka chini ya taulo, pua nyekundu, ananiuliza kwa Kiingereza majani haya ni ya wapi.

“Ya kwetu,” namjibu, bila hata kufikiri.