Tete la Ulyankulu

Siamini hata leo, siku ya tisa. Nimeandika posti hii mara nne na kuifuta, maana kila nikifika kwenye neno "marehemu" kidole kinarudi nyuma chenyewe.

Kaka Yosia, dereva wa ofisi yetu hapa Tabora na mpuliza basuni, hatunaye. Jumanne aliniambia kifua kinambana kidogo. Alhamisi nilipigiwa simu nikiwa masijala, faili mkononi. Sikumbuki lilikuwa faili la nani.

Kwa msioijua, basuni ni lile bomba refu la mbao lenye sauti ya chini kabisa. Mimi napuliza obo, mdogo wake mwembamba, mwenye sauti ya puani. Vyombo hivi vilikaa miaka kwenye kabati la kanisa, vimeachwa na wageni. Kaka Yosia ndiye aliyevifufua, akatufundisha. Tulikuwa wapulizaji saba tu.

Wengi mnaikumbuka ile siku yetu ya obo na basuni mwaka jana, semina asubuhi na onyesho jioni. Mnachokumbuka zaidi ni matete. Leo niseme ukweli.

Barua ya mwaliko aliiandika yeye: "Kila mshiriki aje na ridi zake." Ridi ni kile kijiti cha tete unachokibana kwa midomo. Bila hicho, obo ni fimbo tu.

Mimi karani nikaona "ridi" si Kiswahili fasaha. Nikafungua kamusi. Nikasahihisha: "Kila mshiriki aje na matete yake." Nikagonga muhuri, nikaituma mpaka Ulyankulu, na huko ikasomwa kanisani kwenye matangazo.

Siku ilipofika, saa mbili asubuhi, Mama Domitila na wenzake watatu walishuka kwenye basi la Ulyankulu na mizigo ya matete mabichi kutoka bondeni, mirefu kuliko mlango wa ukumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, matete haya hapa. Tunasuka mikeka au tunazungusha uzio?"

Bosi wetu alikuwa mgeni rasmi. Akaomba ile barua, akaisoma mara mbili. "Nani kaandika hii?"

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikainamia orodha ya washiriki.

"Mimi, bosi," kaka Yosia akajibu, hata hakunitazama. "Matete niliyaomba mimi. Kwani ridi inatengenezwa na nini? Leo tunaanzia bondeni."

Akawakaribisha akina mama viti vya mbele, akatoa kisu chake. Hakumaliza tete la kwanza, Mama Domitila akamnyang'anya.

"We baba, unachonga tete kama unamenya muhogo! Lete hapa."

Ukumbi mzima ulicheka, kasoro mimi. Mpaka mchana mwalimu alikuwa amekaa chini anafundishwa.

Jioni ilikuwa zamu yangu kutoa sauti ya kwanza. Kwetu obo hutoa noti moja ndefu, na wengine wote hulinganisha vyombo vyao kwa hiyo. Basuni hujibu mwisho, kule chini, na kaka Yosia akishajibu husema, "Nimepata, karani."

Nilijificha stoo, nyuma ya viti vya plastiki, obo mapajani. Nilisikia watu wakisubiri. Halafu nikasikia basuni ikiitoa ile noti badala yangu.

Baada ya onyesho alinikuta hukohuko. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa.

"Unaogopa nini, karani?"

"Kukosea."

"Asubuhi ulishakosea. Ulikufa?"

Yale matete aliyaanika chini ya paa la gereji ya ofisi, miezi na miezi. Mwezi uliopita akaniletea kikopo cha dawa. Ndani kulikuwa na ridi moja, imefungwa uzi uliopakwa nta ya nyuki wa kwao Ipole.

"Hili ni tete la Ulyankulu. Siku ukitoa sauti ya kwanza, toa kwa hili."

Nikamwambia, "Mwakani, kaka." Nikakiweka kwenye droo, pembeni ya muhuri.

Tulimzika Ipole Jumamosi. Tulikaa sita, na basuni yake tukailaza kwenye kiti chake. Watu wakanitazama. Ridi yake nilikuwa nimeitoa kwenye kikopo na kuichomeka kwenye obo, lakini nilishaandaa sababu: koo linauma.

Mama Domitila alikuwa amesafiri kutoka Ulyankulu. Alisema bila kupunguza sauti, "Hilo tete si letu? Puliza, mwanangu."

Mara ya kwanza ilitoka sauti ya bata. Mjane wake akacheka katikati ya machozi, maana hapo kaka Yosia angecheka mpaka akae chini. Mara ya pili noti ikaja. Ilitetemeka, lakini ikakaa. Wenzangu wakaifuata mmoja mmoja.

Kisha tukanyamaza, tukisubiri ile ya chini. Hakuna aliyetuambia tusubiri. Halafu tukaanza wimbo.

Bosi, najua unasoma kurasa za watu. Ile barua niliiharibu mimi. Yosia aliandika sahihi. Mkataba wangu unaisha tena mwezi ujao, lakini sitaki abaki na kosa langu kaburini.

Kaka, kikopo chako bado kiko kwenye droo. Jumapili mazoezi yanaendelea, na kiti chako hatutakiondoa.

Sauti ya kwanza nimeitoa. Kama umepata, kaka yangu, basi lala salama.